Mwanangu alimaliza Juzuu Amma vizuri, sasa hataki chuo: nimtoe?

SWALI

Assalaamu alaikum Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Langoni, Lamu. Mwanangu wa kiume ana miaka kumi, yuko gredi ya tano. Alianza chuo cha Qur'ani akiwa na miaka mitano na Juzuu Amma, ile juzuu ya mwisho, aliimaliza vizuri, tukapika tukagawa mtaani. Tangu atiwe msahafu mkubwa mambo yamegeuka. Kila alasiri tumbo linamuuma. Siku nyingine hutoka nyumbani na msahafu kwapani, kisha naambiwa ameonekana gatini akiruka majini na wenzake. Mwalimu wake humchapa. Babake, ambaye ni mvuvi na siku nyingi hayupo, akirudi humuongezea. Sasa babake anasema tumpeleke bweni la tahfidh mbali na hapa, akahifadhi Qur'ani na akili imkae. Mimi nafikiria kumtoa kabisa nimwekee ustadh wa nyumbani, au nimhamishe shule ya mchanganyiko, ya dini na masomo mengine pamoja, ingawa karo yake itatuelemea. Nina na binti wa miaka minne, naogopa kumpeleka chuo yasije yakamkuta ya kakake. Nifanye nini?

JIBU

Wa alaikumu salaam warahmatullah, mdogo wangu.

Kabla ya bweni, kabla ya ustadh wa nyumbani na kabla ya karo usiyoiweza, fanya jambo moja kesho baada ya magharibi. Mkalishe mwanao penye mwanga, umfungulie msahafu Surat Hud au Surat Yusuf, katikati ya ukurasa. Usimfungulie Yasini wala Tabaraka. Mtoto wa Lamu amezisikia Yasini za usiku wa Ijumaa na za matangani tangu yuko mgongoni kwa mamake, na sikio litamjibia. Weka kidole kwenye neno la katikati ya mstari, mwambie asome hilo tu. Kisha lililo kabla yake. Kisha lililo kabla ya hilo, mkirudi nyuma, ili mahadhi yasimsaidie. Maneno kumi yanatosha. Usimkosoe, usigune, wala usimwite bibi yake aje kushuhudia. Wewe tazama tu na ukumbuke alipokwama.

Nakwambia hivi kwa kuwa nimefundisha watoto miaka mingi, mwanzo nyumbani kwa mama yangu, baadaye katika madrasa za mtaa, na sasa nazunguka kuwasaidia walimu wenzangu, na mtoto wa namna ya mwanao nakutana naye karibu kila mahali. Anasomewa dua, anachinjiwa, anachapwa, anaambiwa ana shetani au ameharibiwa na marafiki. Ukimpima namna hiyo mara nyingi unakuta jambo dogo lililojificha: hajui kusoma. Miaka mitano yote aliyokaa chuoni alikuwa anasikia.

Ngoja nieleze inavyotokea, maana hata mwalimu mzuri hupitwa. Juzuu Amma ina sura 37, nyingi zao fupi, na aya zake zina vina. Mtoto akiketi katikati ya wenzake wanaosoma kwa sauti moja, ulimi wake huchukuliwa. Anajua kinachofuata kabla macho hayajafika. Kidole chake kinateleza juu ya mstari kwa kasi ya wenzake, na wala si lazima kiwe mahali pake. Mwalimu akimsikia, amesoma. Mama akimsikia akiwa jikoni, amesoma. Yeye mwenyewe anaamini kuwa amesoma. Kisha anatiwa Al-Baqara, aya 286, nyingine ndefu kuliko sura nzima alizozoea. Ile aya ya deni, ya 282, peke yake hujaza ukurasa. Hapo hakuna kina cha kumbeba wala kundi la kumfunika, kwa sababu sasa kila mtoto ana mahali pake katika msahafu. Anaitwa mbele peke yake, na darasa zima linasikia kuwa hawezi. Ana miaka tisa, kumi, umri ambao haya zimeshaingia. Tumbo lazima liume.

Sisemi kwamba kujifunza kwa sikio ni aibu. Amr bin Salama, katika hadithi iliyo kwa Bukhari, aliipata Qur'ani kwa kuwasikiliza wapita njia waliotoka kwa Mtume (s.a.w.), na akawasalisha watu wake akiwa na miaka sita au saba kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na Qur'ani nyingi kuliko wote. Sikio ni mlango mtukufu. Kosa linaingia pale sikio linapohesabiwa kuwa ni jicho, mtoto akapandishwa kwa alichosikia akidhaniwa amekisoma.

Sasa tuje kwenye bakora, kwa kuwa nyumbani kwako zimekuwa mbili. Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyefariki 1406, ana mlango katika kitabu chake Muqaddima kuhusu ukali kwa wanafunzi. Anasema mtoto anayelelewa kwa mkono mzito hubanwa nafsi, uchangamfu ukamtoka, akajifunza uongo na hila, akawa anaonyesha kisichokuwemo moyoni mwake kwa kuogopa mkono usimfikie. Tazama basi: mtoto anayetembeza midomo na wenzake bila kusoma, anayeondoka na msahafu kwapani akaenda gatini, ni yuleyule aliyeelezwa miaka mia sita iliyopita. Ukimchapa kwa sababu ya hila, anapata sababu mpya ya kutafuta hila nyingine.

Najua babake atauliza, je, ile hadithi ya miaka kumi? Hadithi hiyo, aliyoipokea Abu Daud, inasema waamrisheni watoto wenu sala wakiwa na miaka saba, na wapigeni kwa ajili yake wakifika kumi. Inazungumzia sala. Na inakuja baada ya miaka mitatu ya kuamrisha mara tano kwa siku, yaani zaidi ya mara elfu tano za maneno kabla ya mkono kuinuliwa, tena mafakihi wakaiwekea masharti: kusiumize, kusiwe usoni, kusiwe kwa hasira. Hakuna iliposema mtoto apigwe kwa kuchanganya fa na qafu. Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi tangu utotoni, na ushahidi wake ni kwamba hakuambiwa hata "uff". Kwa upande wa sheria, kifungu cha 29 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na sijaona palipoandikwa kuwa baraza ya chuo iko nje ya Kenya.

Lakini usiende kumvamia mwalimu wa watu. Fanya hesabu yake kwanza. Tuseme ana watoto sitini wa umri mbalimbali, na saa mbili kati ya alasiri na magharibi. Hizo ni dakika 120, yaani kila mtoto anapata dakika mbili za kusikilizwa, ikiwa mwalimu hatakohoa, hatapokea simu na hataamua ugomvi wa viatu. Ada anayolipwa na mzazi kwa mwezi, katika madrasa nyingi nilizopita, haifiki pesa ambazo mzazi huyohuyo anaweka bando. Na wengine hiyo ada hawaileti mpaka wakutane naye njiani wasipoweza kukimbia. Mtu kama huyo bakora humjia mkononi kwa uchovu kabla haijamjia kwa ubaya. Simtetei. Nataka ujue unakwenda kuongea na nani.

Nenda Jumamosi asubuhi, au baada ya isha, si wakati wa darasa. Nenda na mama mkwe ikiwa mna maelewano, maana mwalimu atamstahi. Anza na shukrani, ana haki yake: Juzuu Amma iliyo kichwani mwa mwanao yeye ndiye aliyeitia. Kisha mwambie umempima nyumbani ukaona anakwama wapi, na unaomba msaada. Omba mambo mawili. La kwanza, bakora isimame kabisa kwa mwanao, na hili liseme waziwazi, kwa adabu lakini bila kulizungusha. La pili, arudishwe kwenye kuendeleza herufi, yaani kuziunganisha na irabu zake, kwa muda, ila asipelekwe safu ya wadogo kama mwanafunzi wao, mbele ya wenzake. Hapo utamvunja. Mwombe mwalimu ampe kazi ya kuwasikiliza wadogo: awashikie ubao watoto wa miaka mitano waseme alifu fataha a, alifu kisiri i, alifu dhuma u. Atakuwa anajifunza upya kila alichokikosa, na mtaani atatembea kifua mbele kwa kuwa anaitwa msaidizi wa mwalimu. Hili si langu. Imamu Shafii mwenyewe amesimuliwa akisema kuwa alikuwa yatima kwa mamake, mama hana cha kumpa mwalimu, na mwalimu akaridhika kijana amshikie darasa anapoinuka.

Mwalimu akikubali, umepata. Akikataa na bakora ikaendelea, mhamishe chuo, kimya kimya, bila kumsema vibaya barazani. Mji wetu ni mdogo na mwanao bado atasali nyuma yake.

Nyumbani sasa. Robo saa kwa siku, kila siku, inazidi zile saa mbili ambazo dakika mbili tu ni zake. Usianze na msahafu. Chukua ubao mdogo, au karatasi ya nyuma ya kalenda iliyopita, uandike maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Anza na jina la mji wake: lamu fataha la, mimu dhuma mu. Kisha samaki: sini fataha sa, mimu fataha ma, kafu kisiri ki. Kisha nazi, kamba, kisima, bahari, Siyu. Usimwambie ulichoandika. Mwache akiunganishe.

Siri yake ni kwamba "samaki" hajawahi kulisikia likisomwa kwa mahadhi, kwa hiyo sikio halina la kumkopesha, analazimika kutazama. Lakini akishaziunganisha anajua papo hapo kama amepatia, bila kungoja uso wako ukunjuke au ukunjike. Nimeona watoto waliokuwa hawainui macho chuoni wakicheka kwa sauti neno lilipowatokea. Chagua maneno yasiyo na e wala o mwanzoni, kwa kuwa irabu za kwenye ubao ni tatu tu. Shela na Matondoni zingoje. Punda naye angoje, p haimo katika herufi za Qur'ani.

Wazee wetu hata hawakuhitaji kuliita hili mbinu. Hapa Lamu, Pate na Siyu, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne kadhaa: barua, madeni, mikataba ya mashamba, tungo. Siyu ilisifika kwa waandishi wa misahafu. Mtoto aliyetoka chuoni alikuwa na kazi ya kusoma iliyomngoja mlangoni. Leo mwanao akitoka chuoni herufi hizo hazioni tena mpaka kesho alasiri. Kila kilichomzunguka, duka, simu, jezi, kimeandikwa kwa herufi nyingine. Tumemwachia jicho la saa mbili kwa siku halafu tunashangaa haliwahi.

Wiki mbili tatu za maneno ya Kiswahili, kisha rudini kwenye msahafu, mistari miwili mitatu tu, pale Baqara alipokwama. Angalia zaidi herufi zikiwa katikati ya neno, kwa maana hapo ndipo wengi wanapoangukia. Ba, ta, tha, nuni na ya zikikaa katikati zote huwa jino moja, kinachozitenganisha ni nukta. Na aini ya katikati haifanani kabisa na aini aliyoionyeshwa peke yake ukutani. Mtoto anayejua aini ya ukutani na asiyejua ya katikati hataki kutishwa, anataka kuonyeshwa.

Kuhusu vitabu usibabaike. Walimu wengine hufundisha kwa Baghdadia, wengine kwa Nurania, na siku hizi utakikuta pia kile cha Indonesia kiitwacho Iqro, cha As'ad Humam wa Yogyakarta, chenye juzuu sita ndogo, ambacho humrusha mtoto jina la herufi na irabu akasema "ba" moja kwa moja. Zote zimetoa wasomaji. Kinachomharibu mtoto ni kuchanganyiwa: chuoni anaendeleza kwa fataha na kisiri, nyumbani ustadh anamkataza asizitaje. Uliza chuo kinatumia ipi, ushike hiyohiyo. Ndiyo maana pia ustadh wa nyumbani simkatai, lakini simharakishi. Akija na njia yake mpya, mwanao atakuwa na makwamo mawili badala ya moja.

Na simu? Visomo vya kufundishia vya Sheikh Al-Husary, na vile vya Sheikh Al-Minshawi ambavyo watoto humfuatisha, ni hazina kwa matamshi. Kwa mtoto wa hali ya mwanao, hata hivyo, vitalisha tena lile sikio lililoshiba. Mpe baada ya kusoma mstari kwa macho, ajisahihishe. Asipewe kabla.

Jambo la saa nalo lina uzito wake. Mwanao anaamka alfajiri, yuko shuleni mpaka saa tisa alasiri na ushei, anakula haraka, anakimbilia chuo mpaka magharibi, kisha anarudi kwenye kazi za shule. Mtu mzima tukimwekea ratiba hii atakwenda kulalamika kwa wakili. Ghazali, aliyefariki 1111, ameandika katika kitabu chake Ihya kuwa mtoto akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mzuri apumzike, na kwamba kumzuia kucheza na kumchosha kwa kusoma daima huua moyo wake na kuzima akili yake. Na Ibn Masud alikuwa akiwawaidhi watu kila Alhamisi. Alipoombwa awe anafanya kila siku, alikataa, akasema anaogopa kuwachosha, kama Mtume alivyokuwa akiwachagulia nyakati wasije wakachoka. Ikiwa masahaba walichaguliwa nyakati, sembuse mtoto wa gredi ya tano.

Kwa hiyo chagueni alasiri moja kwa wiki iwe yake, kwa ruhusa ya mwalimu, aende gatini mchana kweupe kwa kujulikana. Na tumia akili ya mtu wa bahari: siku za bamvua maji hapa hujaa alasiri, saa kumi, kumi na moja hivi, watoto wote wa mji wako majini. Ukiipanga ruhusa yake siku hizo, umeondoa nusu ya vita. Babake anazijua siku hizo kuliko mimi na wewe. Hilo liwe jukumu lake. Akirudi kutoka baharini, badala ya kuuliza "umechapwa mara ngapi," amuulize "leo umesoma neno gani," akae naye ubaoni. Mvuvi anayeandika majina ya samaki kwa herufi za Kiarabu na mwanawe atakuwa amefanya kazi ambayo hakuna bweni litakalomfanyia.

Ukishampima ukakuta anasoma polepole lakini sawasawa, basi maneno yangu mengi ya juu hayamhusu, na utafute kwingine. Anaona? Mpeleke apimwe macho. Misahafu mingi ya watoto wetu ina maandishi madogo kama mbegu za ufuta na taa ya barazani ni moja. Herufi zinamchezea hata kwenye Kiswahili na Kiingereza shuleni? Muulize mwalimu wake wa darasa. Wapo watoto ambao kusoma kokote kunawawia vigumu ilhali akili zao ni nzima, na hao wanataka muda mrefu zaidi na mafungu madogo zaidi. Hao ndio wa hadithi ya Bibi Aisha katika Bukhari na Muslim, kwamba anayesoma Qur'ani huku akikwamakwama na ikimuwia nzito ana malipo mawili. Mwambie hadithi hiyo mwanao hata akiwa hana tatizo hilo. Na je, kuna mtu anayemuogopa njiani au chuoni, mtoto mkubwa au mtu mzima? Muulize peke yake, usiku, bila hasira. Usikilize jibu lote.

Liko na jingine ambalo watoto hawalisemi lakini linawachosha: hawajui wanachokisoma kinasema nini. Jundub bin Abdullah amesimulia, na ni kwa Ibn Majah, kuwa walipokuwa vijana wanaokaribia kubaleghe walikuwa na Mtume, wakajifunza imani kabla ya kujifunza Qur'ani, kisha wakajifunza Qur'ani ikawazidishia imani. Sisi tumeshika nusu ya pili tukaacha ya kwanza. Huhitaji kuwa mfasiri. Chukua Al-Maun, aya saba, anayoijua kwa moyo. Mweleze kuwa inamlaumu anayemsukuma yatima, asiyehimiza maskini kulishwa, na mwisho inawalaumu wanaowanyima wenzao vitu vidogo vya matumizi ya nyumbani, ambavyo wafasiri wametaja mfano wake sufuria, ndoo na shoka. Halafu jirani akileta mtoto kuazima mbuzi ya kukunia nazi, mwambie mwanao ainuke akampe yeye kwa mkono wake. Sura moja kwa wiki mbili inatosha. Somo la IRE (dini ya Kiislamu) shuleni litamsaidia kidogo upande huu, ila lisihesabiwe kuwa linaziba pengo la kusoma.

Na kama ni wa kupenda kasida na matari, usimkatishe. Mwishoni mwa karne ya 19 Habib Saleh, aliyetoka Ngazija akawa mtu wa Lamu, alifungua milango yake kwa wana wa watu ambao wakubwa wa mji hawakuwahesabu, na maulidi kwa matari yalikuwa sehemu ya kilichowavuta. Huko ndiko ulikotoka msikiti na chuo cha Riyadha. Kuna wanaoyakataa matari mpaka leo na mjadala huo siuingii hapa. Nasema tu kwamba maneno ya kasida yameandikwa, na mtoto anayeyataka atayasoma.

Sasa bweni. Namwelewa babake, anaona wenziwe wanavyovishwa kanzu na kutajwa majina kwenye mashindano ya Ramadhani, naye anataka heri hiyo. Lakini apige hesabu na wewe. Msahafu wa Madina una kurasa 604. Nusu ukurasa kwa siku, siku tano kwa wiki, ni wiki 240 na ushei, karibu miaka mitano bila kusimama, na hapo hujahesabu kudurusu. Kudurusu ndiko kazi yenyewe: Mtume amemfananisha mwenye kuishika Qur'ani na mwenye ngamia waliofungwa, akiwachunga wanabaki, akiwaachia wanakwenda zao. Mtoto asiyeweza kusoma kwa macho atahifadhi kila ukurasa kwa mdomo wa mtu mwingine, na akisahau neno moja hawezi kurudi kulitafuta mwenyewe. Watu hunitajia Imamu Shafii aliyehifadhi akiwa na miaka saba. Imamu Shafii ni mmoja.

Asome kwanza. Akishasoma ukurasa asioujua bila msaada, na yeye mwenyewe akataka, hapo hifdhi izungumzwe, na ikiwezekana ianzie hapahapa akilala kwenu. Siku mkifikia kufikiria bweni, nendeni bila kutoa taarifa mkatazame wanapolala, nani mtu mzima hulala nao, mtoto anaruhusiwa kupiga simu lini, na kama wanaendelea na shule. Shule ni lazima kwa sheria ya nchi, na bweni linalomtoa mtoto gredi ya tano moja kwa moja limemchukulia miaka yake bila kumuuliza. Mahali panapokasirishwa na maswali hayo, ondokeni.

Shule ya mchanganyiko ni nzuri pale inapompunguzia mtoto safari na saa, dini na masomo mengine vikiwa chini ya paa moja mpaka alasiri. Jina peke yake halifundishi. Omba uketi nyuma ya darasa kipindi kimoja cha Qur'ani, uhesabu ni watoto wangapi walisikilizwa mmoja mmoja. Ikiwa ni kundi lilelile linaloimba kwa pamoja, utakuwa unalipa karo kubwa kwa tatizo ulilokuwa nalo kwa ada ndogo.

Binti yako wa miaka minne usimwogopee, wala usimharakishe. Umri wake ndio umri wa sikio: Fatiha, Ikhlasi, dua ya kula na ya kulala, kwa kukusikia wewe na bibi yake. Mtume alimfundisha Umar bin Abi Salama, aliyekuwa mtoto nyumbani kwake, palepale kwenye sinia ya chakula: mtaje Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako. Mambo matatu, kwa wakati wake, basi. Ikiwa unapata shule ya chekechea ya madrasa inayofuata njia iliyoanzishwa Mombasa miaka ya 1980 na Bi Swafiya Said na wenzake, ya kufundisha kwa michezo na vifaa vya nyumbani kama vifuu na makombe, mpeleke. Usipoipata, akae nyumbani mwaka mwingine, na chuo aanze akiwa na miaka mitano au sita. Herufi aonyeshwe na kakake, moja kwa wiki, kwenye ule ubao wa samaki.